Sala na Hospitali Hazigombani: Kumsindikiza Mpendwa Mwenye Kiwewe na Ugonjwa wa Akili

Katika nia yake ya sala kwa mwezi Novemba 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV aliwaalika waamini kuwaombea watu wanaopambana na mawazo ya kujiua, ili wapate katika jumuiya zao msaada, matunzo na upendo wanaouhitaji. Miezi miwili kabla, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wanaishi na matatizo ya afya ya akili, na kwamba kwa mwaka 2021 pekee watu wapatao 727,000 walikatisha uhai wao. Shirika hilo lilionesha pia kuwa serikali hutenga kwa wastani asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa ajili ya afya ya akili, kiwango ambacho hakijasogea tangu mwaka 2017, na kwamba katika nchi maskini wanaopata huduma hawafiki asilimia 10 ya wanaoihitaji.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, kilichohesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Hapa Tanzania, Kanuni yetu ya Adhabu nayo, katika kifungu cha 217, imelihesabu jaribio hilo kuwa kosa.

Matukio haya matatu, moja la Kanisa, la pili la tiba na la tatu la sheria, yanaelekea upande mmoja. Mtu aliyejeruhiwa akilini anaanza kutazamwa kama mgonjwa anayestahili huruma na matibabu, badala ya kutazamwa kama mkosaji au aibu ya ukoo. Hata hivyo, takwimu na hukumu za mahakama huishia penye kizingiti cha nyumba. Usiku wa manane, kijana anapozunguka uani akijibizana na sauti ambazo wengine hawazisikii, anayebaki naye ni mama yake, mke wake, kaka yake au mtoto wake. Na mara nyingi jambo la kwanza ambalo familia hiyo huuliza ni hili: tumpeleke hospitali au tumpeleke kwenye maombi?

Makala haya yanataka kusema kwamba swali hilo limewekwa vibaya, na kwamba muda unaopotea katika kulijibu ndio unaowaumiza wapendwa wetu kuliko tunavyodhani. Imani yetu haituambii tuchague kati ya sala na hospitali. Inatuambia tumsindikize mgonjwa kotekote, tena mapema.

JERAHA LISILOVUJA DAMU

Kiwewe ni jeraha la nafsi linalotokana na tukio lililozidi uwezo wa mtu kulibeba: vita, kubakwa, ajali, kushuhudia mauaji, kupigwa na kudhalilishwa utotoni. Tukio huwa limepita, lakini mwili na akili huendelea kuishi kana kwamba bado lipo. Mtu hushtuka kwa mlio wa pikipiki, huota ndoto za kutisha, hukwepa njia fulani, hukosa usingizi, huwa mkali bila sababu ya wazi. Wengi hupona taratibu wakipata usalama na watu wa kuwaegemea. Wengine huhitaji msaada wa wataalamu.

Zipo pia hali ambazo mtu hupoteza kwa kiasi fulani mpaka uliopo kati ya kilichopo na kisichokuwapo. Wataalamu huziita saikosisi. Mgonjwa husikia sauti, huona vitu, au hushika imani isiyotikisika kwamba majirani wanamfuatilia, kwamba chakula kimetiwa sumu, kwamba redio inamsema yeye. Skizofrenia ni mojawapo ya magonjwa yenye dalili hizi, lakini si pekee. Malaria iliyopanda kichwani, maambukizi ya ubongo, kifafa, bangi na dawa nyingine za kulevya, pamoja na kipindi cha baada ya kujifungua, vyote vinaweza kuleta dalili zinazofanana. Ndiyo maana vipimo vya hospitali si anasa. Mama aliyejifungua juzi na anayesema mtoto wake amebadilishwa anahitaji daktari leo, si wiki ijayo.

Majeraha haya mawili mara nyingi hukutana. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba watu waliopitia mateso makubwa utotoni wana uwezekano wa karibu mara 3 wa kupata saikosisi kuliko wengine. Hii haimaanishi kwamba kila aliyeteswa ataugua, wala kwamba kila mgonjwa aliteswa. Inamaanisha kwamba nyuma ya maneno yanayoonekana kuwa ya ovyo kunaweza kuwa na historia ya kweli. Anayesema kwamba watu wanakuja kumchukua huenda aliwahi kuona watu wakichukuliwa.

Sisi tunaoishi katika ukanda wa Maziwa Makuu hatuhitaji kutafuta mifano mbali. Burundi ya mwaka 1993, Rwanda ya mwaka 1994 na vita visivyokoma vya mashariki mwa Kongo vimeacha watu wengi wenye majeraha haya. Mwezi Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma imewapokea wakimbizi wa Kongo tangu mwaka 1996, na waliozaliwa humo leo ni wazazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Lakini hata palipo na amani, barabara zetu, nyumba zetu na baadhi ya ndoa zetu huzaa kiwewe kila siku.

MUDA UNAOPOTEA NJIANI

Tuchukue mfano ambao haumhusu mtu mmoja, bali umeunganishwa kutokana na hali ambazo mapadre wengi wa parokia huzikuta. Kijana dereva wa bodaboda anapata ajali. Yeye anapona, abiria wake anafariki mikononi mwake. Baada ya wiki kadhaa halali tena. Baada ya miezi miwili anasema anasikia sauti ya marehemu ikimwita. Anaacha kazi, anajifungia, anamshuku mke wake. Familia inakwenda kwa mganga, ambaye anataja jina la shangazi kuwa ndiye mchawi, undugu unavunjika. Wanauza mbuzi, kisha kiwanja. Wanakwenda kwa mtu anayejiita nabii, ambako kijana anafungishwa siku 7 na kukeshwa chini ya vipaza sauti. Hali inazidi. Hatimaye anafikishwa hospitali akiwa amefungwa kamba, miezi minane tangu dalili za kwanza. Anapewa dawa, anatulia. Siku ya tatu shingo inapinda na macho yanageukia juu. Ndugu wanasema, "Mmeona? Ni pepo." Dawa inatupwa.

Tuutazame mfano huu kwa makini, kwa sababu kila hatua yake ilifanywa na watu wanaompenda. Hakuna aliyetaka kumdhuru. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia mapema mambo machache.

La kwanza ni kwamba kukosa usingizi na chakula huichochea saikosisi. Mkesha wenye kelele na mfungo wa siku nyingi, hata ukifanywa kwa nia njema, unaweza kumzidishia mgonjwa hali. Kanisa halimfungi mgonjwa kwa sheria ya mfungo. Kula vizuri, kulala na kumeza dawa kwa wakati ndiyo nidhamu yake ya kiroho kwa kipindi hicho.

La pili ni kwamba shingo iliyopinda, taya iliyokaza na macho yaliyogeukia juu ni athari inayojulikana ya baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, hasa siku za mwanzo. Ipo dawa ya kuituliza, nayo hufanya kazi upesi. Mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyohiyo, daktari apunguze au abadilishe dawa. Kuacha dawa ghafla, hata pale mtu anapojisikia amepona, ndiyo njia ya haraka ya kurudi mwanzo.

La tatu linahusu mafundisho yetu wenyewe. Kanisa halikatai kwamba Shetani yupo. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inatenganisha wazi ugonjwa, hasa wa akili, na upagawaji, na kusema kwamba kuushughulikia ugonjwa ni kazi ya sayansi ya tiba. Kabla ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kwamba lililopo si ugonjwa. Kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa inakataza mtu yeyote kuwapunga pepo waliopagawa bila ruhusa maalumu na ya wazi ya Askofu, naye humpa ruhusa hiyo padre mwenye uchaji, elimu, busara na uadilifu wa maisha. Kwa hiyo kikundi cha sala kinachomkamata mgonjwa, kumkandamiza chini na kuamuru pepo atoke, kinatenda nje ya utaratibu wa Kanisa, hata kama kinakutana uani kwa parokia.

Na Maandiko? Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba tabibu ameumbwa na Bwana na dawa zimetoka katika ardhi kwa mpango wake. Mwenye busara hazidharau. Anamwelekeza mgonjwa asali na kuitakasa roho yake, kisha ampe tabibu nafasi yake. Katika mafundisho hayo sala na dawa vinafuatana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili aoneshe imani hakulisoma fundisho hilo.

KANISA LIMEWAHI KUIPITA NJIA HII

Historia ya Kanisa ina watu walioielewa hali hii kutoka ndani. Mtakatifu Yohane wa Mungu, mzaliwa wa Ureno, baada ya kuguswa na mahubiri ya Mtakatifu Yohane wa Avila mjini Granada, alionekana kuwa amerukwa na akili. Alifungiwa katika Hospitali ya Kifalme ya mji huo, ambako wagonjwa wa akili walichapwa viboko kama sehemu ya tiba. Alipotoka hakutafuta kulipiza. Alianzisha hospitali yake ili maskini na wagonjwa watunzwe kwa heshima, akaendelea hivyo hadi alipofariki tarehe 8 Machi 1550. Leo ni msimamizi wa wagonjwa na hospitali.

Huko Geel, Ubelgiji, palipo na kaburi la Mtakatifu Dimfna, familia za kawaida zimekuwa zikiwapokea wagonjwa wa akili nyumbani mwao tangu Enzi za Kati, na utamaduni huo haujafa. Katika nchi hiyohiyo, mjini Gent, Padre Petro Yosefu Triest alianzisha mwaka 1807 Shirika la Mabruda wa Upendo. Wana wake wamefika hadi kwetu: mjini Goma wanaendesha kituo cha afya ya akili chenye jina zuri la Kiswahili, Tulizo Letu. Hata risasi ziliporindima karibu, maana ya jina hilo ilibaki kuwa kazi ya kila siku.

Katika Afrika Magharibi yupo mlei mmoja, Grégoire Ahongbonon, mzaliwa wa Benin aliyekuwa fundi wa matairi mjini Bouaké, Côte d'Ivoire. Tangu miaka ya 1990 amekuwa akienda vijijini kuwafungua wagonjwa wa akili waliofungwa minyororo na magogo, akiwapeleka katika vituo vya chama alichokianzisha kwa jina la Mtakatifu Kamili. Humo wanapata dawa, chakula, kazi na sala, na baadhi ya waliopona wamekuwa wahudumu wa wenzao. Kazi yake si ya kupita: ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilionesha kwamba wagonjwa wa akili bado hufungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi zipatazo 60.

Kwetu Tanzania, ndugu zetu Walutheri waliitangulia njia hii huko Lutindi, Korogwe, mahali palipoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, imekuwapo tangu enzi za ukoloni wa Waingereza. Hospitali ya Bugando, Mwanza, inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki, ina idara ya magonjwa ya akili. Kwa hiyo mgonjwa wa akili anapofikishwa hospitali, hatoki nje ya Kanisa. Anaingia mahali ambapo Kanisa limekuwa likimsubiri kwa karne nyingi.

NAMNA YA KUKAA NAYE

Hospitali ikishafanya sehemu yake, mgonjwa hurudi nyumbani, na hapo ndipo safari ndefu huanza.

Tuanze na maneno. Lugha yetu husema mtu ana malaria, ana kisukari, ana shinikizo la damu. Lakini kwa ugonjwa huu tunasema ni kichaa, ni mwehu, ni chizi. Kwa magonjwa mengine mtu ana ugonjwa; kwa huu, mtu mwenyewe ndiye ugonjwa. Tukianza tu kusema "ana ugonjwa wa akili", tutakuwa tumemrudishia jina lake la ubatizo.

Mpendwa wako anapokuambia kwamba anasikia sauti, usimcheke, usimkaripie, wala usishindane naye kwa hoja. Kwake zile sauti zinasikika kweli. Lakini usijifanye nawe unazisikia. Jibu hofu yake: "Mwanangu, mimi sizisikii, ila naona zinakutisha. Nipo hapa." Ongea kwa sauti ya chini, kwa sentensi fupi, mtu mmoja kwa wakati. Zima redio, punguza watu chumbani, mwachie njia ya mlango ili asijione amezingirwa. Usimguse ghafla kwa nyuma, hasa kama aliwahi kupigwa au kubakwa.

Usimlazimishe kusimulia yaliyompata. Wapo wanaodhani kwamba kidonda cha kiwewe huponywa kwa kukitoa mbele ya watu, na katika baadhi ya mikutano ya maombi mwathirika wa ubakaji husukumwa atoe ushuhuda mbele ya halaiki. Kufanya hivyo kunaweza kukifungua kidonda upya. Atasimulia siku anayotaka, kwa mtu anayemwamini. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2011, unafupisha kazi yetu katika mambo matatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Angalia kama yuko salama na anahitaji nini. Sikiliza bila kudadisi. Muunganishe na huduma na watu wake.

Nabii Eliya alitendewa hivyo. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, tunamkuta jangwani, ameketi chini ya mti, akimwomba Mungu amtoe uhai. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani, wala hakumhubiria. Alimwacha alale, akamwamsha, akampa mkate na maji. Akamwacha alale tena, akamlisha tena. Maelekezo ya safari yalifuata baadaye. Yapo majuma ambayo uji wa asubuhi na usingizi wa kutosha ndiyo huduma yote ya kichungaji anayoihitaji mgonjwa.

Akitaja kutaka kufa, au ukimwona akigawa vitu vyake na kuaga, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Humwonesha kwamba siri yake ina pa kutua. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za kuulia wadudu, kamba, visu na akiba ya vidonge, kisha mpeleke hospitali. Na ikitokea kwamba mtu amefariki kwa njia hiyo, tukumbuke mafundisho ya Kanisa katika Katekisimu namba 2282 na 2283: ugonjwa wa akili, uchungu au hofu kubwa vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, na hatupaswi kukata tamaa juu ya wokovu wake. Kanisa humwombea. Waliofiwa wasihukumiwe msibani.

Kuhusu ukali, ukweli ni kwamba wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu, na wao wenyewe hudhulumiwa mara nyingi zaidi. Lakini akishika silaha au sauti zikimwamuru kumwumiza mtu, watoke watoto kwanza, nawe utoke, uombe msaada. Kujiokoa si kumsaliti. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ina utaratibu wa kumpeleka hospitali mgonjwa asiyekubali, hivyo uongozi wa mtaa au kijiji, polisi na kituo cha afya waombwe kusaidia kwa utu, bila kipigo.

Masakramenti yasisahaulike. Mpako wa Wagonjwa si kwa walio katika saa ya kufa tu, wala si kwa maumivu ya mwili peke yake. Kanuni ya 1006 inaelekeza upewe wagonjwa ambao, walipokuwa na akili timamu, waliuomba walau kwa namna isiyo ya wazi. Aliyekuwa akisali rozari kila jioni kabla ya kuugua ameshauomba kwa maisha yake. Aletewe Komunyo panapowezekana, na apewe nafasi kwenye benchi lake kanisani, hata kama siku nyingine atatoka katikati ya mahubiri.

ANAYEBEBA NAYE ABEBWE

Kuna mtu mwingine katika nyumba hiyo ambaye mara nyingi haonekani. Ni mama anayelala kwa zamu na hofu, mke aliyeacha biashara ya sokoni ili amlinde mumewe, binti wa miaka 12 anayejua ratiba ya vidonge vya mama yake kuliko masomo yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini si haki mzazi aachwe nao peke yake. Mlezi aliyechoka mno huwa mkali, na ukali huo humrudisha mgonjwa hospitali. Wote wawili hutunzwa pamoja au huumia pamoja.

Hapa ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina nguvu ambayo wizara yoyote ingeitamani. Jumuiya inazijua nyumba zake. Inajua nani hajaonekana wiki tatu. Ikitaka, inaweza kugawana mambo madogo: mmoja apike Jumanne, mwingine amsindikize mgonjwa siku ya kliniki, mwingine akae naye Jumapili ili mama aende Misa ya kwanza akiwa ametulia. WAWATA waweza kumchukua mlezi kwa saa mbili apumzike. Wanaume wa UWAKA waweza kuzigawana zile siku chache za usiku mgumu. VIWAWA waweza kumwita kijana mwenzao mazoezini bila kumuuliza maswali. Mchango mdogo wa nauli na dawa, unaotolewa bila kutangazwa, unaweza kuzuia miezi mingine minane ya kutangatanga.

Sharti moja ni usiri. Familia nyingi huficha kwa sababu zimeona siri za wengine zikitembea sokoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayetangaza maradhi ya mwenzake ndiye anayemfundisha kuyaficha. Habari za mgonjwa zibaki kwa wale tu wanaomhudumia.

Parokia nayo inaweza kufanya mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Paroko na makatekista wajue jina na namba ya mhudumu wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya yao. Viongozi wa vikundi vya sala wafundishwe kwamba mtu anayesikia sauti, asiyelala siku kadhaa au anayezungumzia kufa hupelekwa hospitali kwanza, na kuombewa akiwa njiani na akiwa wodini. Tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, wagonjwa wa akili na walezi wao watajwe katika sala za waamini bila kufunikwa kwa maneno ya jumla. Mwaka 2006 Papa Benedikto XVI aliitoa siku hiyo kwa ajili yao hasa. Hatutakuwa tunazua jipya.

Injili ya Marko, katika sura ya 5, inasimulia juu ya mtu wa nchi ya Wagerasi aliyeishi makaburini. Watu wa kwake walikuwa wamejaribu njia moja tu, ya pingu na minyororo, nayo ilishindwa. Baada ya Kristo kumponya, walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Mtu huyo aliomba afuatane na Yesu, lakini Bwana hakumruhusu. Alimtuma aende nyumbani kwa watu wake. Uponyaji wake ulipaswa kukamilika pale alipokuwa ametengwa, kati ya jamaa waliomfunga na majirani waliomwogopa. Mwinjili huyohuyo, katika sura ya 3, anatuambia kwamba hata Yesu mwenyewe ndugu zake walitoka kwenda kumchukua, kwa kuwa ilisemwa amerukwa na akili. Mkombozi wetu analijua jina hilo tunalowapa wengine.

Basi, mpendwa msomaji, kama wiki hii yuko mtu nyumbani kwako au jirani yako ambaye halali, anayezungumza peke yake, aliyebadilika tangu ajali, tangu msiba, tangu vita, usingoje hadi kamba zihitajike. Keti naye. Sali naye sala fupi anayoijua. Kisha mshike mkono mwende hospitali, na mwakilishi mmoja wa jumuiya awafuate.

Ee Bwana Yesu, uliyelia bustanini usiku wenzako wakilala, uwe macho pamoja na wote ambao akili zao zimejeruhiwa. Uwape usingizi, dawa na rafiki wa kweli. Uwatie nguvu wanaowatunza, na uzifanye nyumba zetu mahali ambapo mtu anaweza kurudi. Kwa maombezi ya Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, na ya Mtakatifu Yohane wa Mungu. Amina.